MAHJUB BIN ADAM: MSWAHILI ALIYEFIA KATIKA KAMBI YA HITLER



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kukukaribisha ndugu msomaji katika ukurasa wetu wa maisha ya waliotangulia. Ukurasa huu tumezoea kuletewa habari za maswahaba, maimamu na masheikh wetu wa pwani. Leo naomba ruhusa yako nikuletee mtu wa aina nyingine kabisa. Hakuwa sheikh, wala hakupigania uhuru. Alikuwa mhudumu wa hoteli, msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili na mwigizaji wa sehemu ndogondogo katika sinema. Alizaliwa Dar es Salaam, na akafa mwaka 1944 katika kambi ya mateso ya Wanazi karibu na jiji la Berlin.

Sekondari tulisomeshwa Vita vya Pili vya Dunia, na mimi kama wenzangu wengi nilikariri tarehe nikapasi mtihani, basi. Kambi za Hitler niliziona ni mambo ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe huko kwao. Kumbe ndani ya kambi moja kulikuwa na mtu ambaye lau ungekutana naye mlangoni mwa msikiti mngeamkiana kwa Kiswahili na mkaelewana bila mkalimani. Jambo hili lilinikaa moyoni, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

KUZALIWA NA KUKULIA KWAKE

Jina alilopewa na wazee wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Waliopita madrasa wanajua kwamba neno mahjub latoka katika asili moja na hijab, yaani aliyesitiriwa au aliyefichika. Baadaye ulimwengu ukamjua kwa jina jengine, Bayume Mohamed Husen, na ndilo lililoandikwa katika karatasi za Ujerumani.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Babake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Kijerumani mwenye cheo cha efendi, cheo kikubwa kwa Mwafrika katika jeshi lile. Tangu mwaka 1889 Wajerumani walikuwa wakichukua wanajeshi wa Kisudani kutoka Misri na kuwaleta pwani yetu kuwapigania vita vyao. Sisi wa Kenya habari hii si ngeni, kwa sababu Wanubi wa Kibra pia ni kizazi cha askari wa Kisudani, ila wao walikuwa upande wa Waingereza.

Tuseme ukweli wote. Jeshi hilo ndilo lililotumiwa kuwakandamiza wenyeji. Mahjub alikuwa mtoto mdogo wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambapo watu wengi mno wa kusini mwa Tanganyika waliuawa kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa baada ya mashamba na maghala yao kutiwa moto. Mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa. Mahjub alizaliwa katika nyumba iliyokula chumvi ya Mjerumani, na chumvi hiyo aliiamini mpaka mwisho.

Alijifunza Kijerumani akiwa mdogo, akawa karani katika kiwanda cha nguo huko Lindi.

ASKARI WA MIAKA KUMI

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, baba na mwana wote wawili waliingia jeshini. Mahjub alikuwa na miaka kumi. Hebu mtazame mdogo wako wa miaka kumi, yule ambaye bado anafunga nusu siku na kukimbilia jikoni adhuhuri, kisha umfikirie akiwa vitani.

Mwezi wa Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya Mahiwa, bara ya Lindi. Yalikuwa miongoni mwa mapigano makali zaidi katika Afrika Mashariki yote. Upande wa Waingereza walikuwepo wanajeshi kutoka Nigeria pamoja na wa keya. Upande wa Wajerumani walikuwepo askari kama Mahjub. Waafrika kwa Waafrika, na katika pande zote mbili Waislamu wamo, wanauana kwa ajili ya ugomvi ulioanzia Ulaya. Mahjub alijeruhiwa akiwa na miaka kumi na mitatu, na Waingereza wakamchukua mateka.

Vita hivyo vilitugusa na sisi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, watu wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi wakafa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Weka jambo hili akilini, tutalirudia.

SAFARI YA KUDAI HAKI

Baada ya vita Tanganyika ikawa mikononi mwa Waingereza. Kijana wetu akapata kazi ya uhudumu katika meli, akizunguka bahari na bandari. Mwaka 1929 akafika Berlin. Haja yake ilikuwa moja, kudai mshahara wake na wa babake ambao haukulipwa tangu wakati wa vita. Alikuwa na miaka ishirini na tano.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa kuwasilisha madai umekwisha.

Ndugu msomaji, dini yetu imetuhimiza sana kumlipa mfanyakazi ujira wake upesi. Hapa ni mtoto aliyemwaga damu kwa ajili ya dola, na dola hiyo yamwambia amechelewa kuja kudai. Ajabu ni kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha uamuzi wa kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai katika Afrika Mashariki. Wakati huo aliyekwenda kudai mwenyewe kwa miguu yake alikuwa ameshakufa miaka ishirini nyuma.

MAISHA YA BERLIN

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la mikahawa na starehe katikati ya jiji. Pia akaajiriwa kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, kwa malipo madogo. Wanafunzi wake walikuwa pamoja na maafisa na polisi waliotarajia kwamba Ujerumani siku moja itayarudisha makoloni yake.

Hakuwa Mswahili wa kwanza katika kazi ile. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yanasomwa hadi leo, alianza kufundisha huko Berlin mwaka 1900. Naye pia alidharauliwa na wanafunzi wa Kizungu ambao hawakutaka kukaa chini ya mwalimu Mwafrika. Kwa hivyo hii lugha yetu tunayoifanyia mzaha na kuichanganya ovyo, kuna watu waliibeba ugenini kwa taabu.

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alimuoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler akashika madaraka. Bwana na bibi harusi hawajamaliza hata fungate, nchi imeshabadilika. Mola aliwajaalia mtoto wa kiume wakamwita Ahmed Adam, na baadaye wa kike, Annemarie. Walimlea pia mtoto mwengine wa kiume ambaye Husen alimpata na mwanamke mwengine.

MLANGO BAADA YA MLANGO

Husen alidhani kwamba kwa vile alipigania Ujerumani, Ujerumani itamjua. Mwaka 1934 serikali ilianzisha nishani ya waliopigana Vita vya Kwanza, naye akaomba kama mwanajeshi mwengine yeyote. Akanyimwa. Akaivaa hivyo hivyo pamoja na sare ya askari, akawa anaonekana katika mikutano ya wale waliotaka makoloni yarudi. Wao walifurahi kumpanga mbele ya watu awe ushahidi kwamba Waafrika wanawapenda. Haki zake hawakumpa.

Mwaka 1935 akafukuzwa kazi kule Haus Vaterland. Mwaka huo huo zikatoka sheria za Nuremberg, zilizowavua Mayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani, na kabla mwaka haujaisha marufuku hiyo ikawagusa Waroma na watu weusi pia. Ndoa ya Husen ilikuwa imetangulia sheria, lakini jicho walilotazamwa nalo unaweza kulifahamu.

Akageukia sinema. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 23, mara nyingi kama mtumishi au mpagazi, pengine bila hata jina lake kuandikwa. Kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1941 kuhusu Carl Peters. Huyu Peters ndiye aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatilisha machifu saini mikataba wasiyoielewa, na baadaye serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Filamu ya Wanazi ikamfanya shujaa, na Husen akapewa sehemu ya Ramasan, kiongozi wake wa msafara. Baadhi ya weusi wengine katika filamu hiyo walikuwa mateka wa vita waliotolewa kambini kuja kuigiza.

Sitaki kumsafisha. Filamu ile ilikuwa ni uongo juu ya ardhi aliyozaliwa, na yeye alishiriki. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba hata kuingia katika jeshi la Ujerumani, wakamkataa. Ukimlaumu una haki. Lakini pia jiulize, mtu mweusi mwenye mke na watoto katika Berlin ya wakati ule, ambaye kazi za kawaida amefungiwa, alikuwa na milango mingapi ya kubisha?

KUKAMATWA NA KAMBI YA SACHSENHAUSEN

Mwaka 1941 aliachana na kazi ya chuo kikuu baada ya kutoelewana na mmoja wa wakubwa zake. Mwaka huo huo Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata. Sababu ni kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani nje ya ndoa yake.

Hapa kila msomaji wetu atasema, basi alikosea. Ndiyo, alikosea, na hukumu ya kosa hilo mbele ya Allah sote twaijua, na mlango wa toba twaujua vilevile. Lakini Gestapo hawakumshika kwa kuwa amevunja ahadi na mkewe. Hilo haliwahusu ndewe wala sikio. Shtaka lao lilikuwa kuchafua damu ya Kijerumani. Yaani kosa lilikuwa rangi ya ngozi yake. Hakupelekwa mahakamani. Hapakuwa na kadhi, wakili, shahidi wala kifungo cha miaka maalumu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen.

Kambi hii ilijengwa mwaka 1936 katika mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Hadi mwaka 1945 zaidi ya watu 200,000 walipitishwa humo. Walikuwepo wapinzani wa kisiasa, Mayahudi, Waroma, Mashahidi wa Yehova, mapadri, na watu wa mataifa mengi yaliyovamiwa. Mfungwa alinyang'anywa nguo, akanyolewa, akapewa namba, na tangu hapo akaitwa kwa namba. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi, kazi za sulubu, mapigo na kuuawa. Mwaka huo wa 1941 aliokamatwa Husen, wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya 10,000 waliotekwa vitani walipigwa risasi humo katika muda wa majuma machache.

Na kambi hii ilikuwa moja tu. Katika utawala huo Mayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, wazee na watoto wachanga wakiwemo, wengi wao katika kambi zilizojengwa makusudi kwa kazi ya kuua. Baadhi yetu tukisikia haya hunyamaza au hubisha, kwa sababu ya uchungu wa mambo ya Palestina. Ndugu zangu, dhulma haifutwi kwa dhulma nyengine, na ukweli hauna kabila. Aliyeuliwa bila haki ameuliwa bila haki.

Husen alikaa humo zaidi ya miaka mitatu. Ramadhani zisizopungua tatu zilimpitia akiwa ndani. Sisi tunapofunga, tunajua kwamba saa kumi na mbili na nusu adhana italia, tende ziko mezani, uji uko motoni. Njaa ya Sachsenhausen haikuwa na magharibi.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, siku ya Ijumaa, akiwa na miaka arobaini. Kwa hesabu ya kalenda yetu ilikuwa Mfungo Tatu wa mwaka 1363 Hijria, Idi ya kuchinja imekaribia. Kambini hapakuwa na josho, sanda wala swala ya jeneza. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Aprili 1945, wanajeshi wa Kisovieti na wa Kipolandi wakaifikia kambi ile. Miezi mitano tu.

KUFICHUKA KWA ALIYEFICHIKA

Kaburi lake liko katika makaburi ya Reinickendorf, Berlin. Kwa zaidi ya miaka sitini ni wachache waliojua habari zake. Mwaka 2007 mwanahistoria wa Kijerumani, Bi. Marianne Bechhaus-Gerst, alichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake, na mwaka huo huo mbele ya nyumba nambari 193 ya barabara ya Brunnenstraße, ambako Husen aliwahi kuishi, kikawekwa kijiwe cha ukumbusho. Mwaka 2013 ikatoka filamu juu yake, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mhusika mkuu.

Vijiwe hivi vilianzishwa na msanii mmoja wa Kijerumani, Gunter Demnig. Ni kipande cha shaba, upana sentimita 10 kwa 10, kinachopachikwa njiani mbele ya nyumba aliyoishi mtu kabla ya kuchukuliwa na Wanazi. Kila kijiwe ni cha mtu mmoja, kina jina lake, mwaka wa kuzaliwa na yaliyompata. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimefika 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Ukitaka kulisoma jina lazima uiname.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, utiifu kwa dhalimu haununui usalama. Husen alimpa Mjerumani utoto wake, damu yake, lugha yake na uso wake. Alipodai mshahara alichelewa, alipodai nishani hakustahili, na alipokosea hakupewa hata kesi. Vijana wenzangu, leo wapo wanaotutumia katika kampeni na fujo zao kisha hawatujui. Tujiulize mapema, huyu ninayemtumikia ananihesabu mtu?

Pili, si lazima aliyedhulumiwa awe malaika ndipo tumuonee huruma. Tuna tabia, akitajwa mtu aliyepotezwa au aliyeuawa pasi na kesi, mara tunauliza, kwani alikuwa amefanya nini? Swali hilo lingetosha kumtupa Husen mara ya pili. Mkosaji ana haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu, na makosa yake mengine yako baina yake na Mola wake.

Tatu, majina. Watu 200,000 ni hesabu, na hesabu haimlizi mtu. Lakini Mahjub mwana wa Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam, baba wa Ahmed, huyo unaweza kumwona. Wajerumani wa leo wameamua kuwarudishia watu wao majina, kijiwe kimoja kimoja. Je, sisi? Wale wachukuzi wa Kariokor niliosema tutawarudia, ni nani ameandika majina yao? Babu zetu waliokufa vitani au vizuizini, majina yao yako wapi? Nenda kwa bibi yako baada ya tarawehe, muulize, andika. Daftari na kalamu vyatosha.

Ndugu msomaji, kumswalia maiti ni faradhi ya kutoshelezana, wakifanya baadhi wengine husalimika. Kule Sachsenhausen hapakuwa na wa kututosheleza. Deni hilo hatuwezi kulilipa lote, lakini dua iko. Leo wakati wa kufuturu, kabla hujatia tende mdomoni, wakumbuke wazazi wako na maiti wako wote, kisha mtaje na yeye kwa jina lake, Mahjub bin Adam.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, amrehemu, na atunusuru sisi na kudhulumu na kudhulumiwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Mubarak.